Mwenye Kengele ya Pili

Barua ilisema dada yangu ameiba.

Haikutumia neno hilo, maana wasomi wana namna yao ya kuyavalisha nguo maneno. Iliandika kwamba kurasa kumi na moja za tasnifu yake, yaani kile kitabu wanachoandika mwisho wa masomo, "zinafanana kwa kiwango cha kutia shaka" na kazi ya mtafiti aliyemtangulia. Afike mbele ya kamati siku ya Alhamisi saa nne asubuhi ajieleze, la sivyo jina lake litafutwa kwenye orodha ya wanafunzi. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kitu nikikisoma polepole kinaniingia. Niliisoma mara tatu huku mwanangu akinyonya, na mara zote tatu ilisema kitu kilekile: mwizi.

Ameiba nini? Kengele yake mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikaonekana napayuka.

Dada yangu ni msimamizi wa ukumbi wa maonyesho. Alianza akiwa msichana wa kuchana tiketi mlangoni, akawa wa kupanga viti, akawa msaidizi, na huu ni mwaka wa kumi na nane funguo zote ziko kiunoni mwake. Waigizaji wakija, wanamuziki wakija, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa: taa zipi zinawaka, pazia linakwama wapi, watu wa hapa wanapenda kuketi upande gani. Wanamwita Bi Kengele.

Kabla ya onyesho lolote pale kuna kengele tatu. Ya kwanza ni ya kuwaambia watu wamalize soda zao. Ya tatu ni ya kufunga milango. Ya pili ndiyo yenye kazi. Kumbi nyingine huipiga kwa kutazama saa. Dada hatazami saa. Anakaa kwenye kiti kirefu mwishoni mwa korido, mahali anapoweza kuuona mlango wa choo cha wanawake, anaangalia foleni. Choo cha wanaume hakina habari, wanaingia na kutoka kama kuku bandani. Cha wanawake kina vyumba vitatu tu, na foleni yake inafika mpaka kwenye kioo cha ukutani. Humo ndimo walimo wenye watoto, wenye mimba, na bibi wanaotembea kwa kushika ukuta. Foleni ikipungua wakabaki watatu au wanne, ndipo anapiga. Siku nyingine zinakuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Siku nyingine nne. Siku nyingine muda umeshapita kabisa, na kiongozi wa kundi anachungulia pembeni mwa pazia amekunja uso, naye dada katulia tuli.

"Ukiwapigia wakiwa bado chooni," hunambia, "watakuja mbio, watoto watalia, na waigizaji watafungua mchezo mbele ya watu wanaotafuta viti gizani kwa kukanyagana."

Hakuota ndoto akalijua hilo. Miaka mitatu mizima, kila taa zilipozimwa, alikuwa akihesabu mara ngapi mlango unafunguliwa tena. Mwanzoni ulikuwa ukifunguliwa mara thelathini na kitu. Akajaribu hivi, akajaribu vile, akahamisha hata ndoo ya takataka iliyokuwa inabana njia. Siku hizi mlango hufunguliwa mara mbili, na hao wawili ni wale ambao hata kwenye harusi zao walichelewa.

Basi miaka tisa iliyopita, mimi nikiwa nafagia palepale ukumbini kabla sijaolewa, alikuja mwanamume mmoja mtanashati, viatu vinang'aa. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya biashara na uendeshaji wa sanaa. Shingoni alining'iniza kinasa sauti kidogo kama kiberiti, ndiyo maana tukampa jina la Kinasa. Alikaa nasi wiki mbili. Dada alimpa kile kiti chake kirefu, akasimama yeye. Alimjibu kila alichouliza.

"Mama, sasa kwa nini hupigi?"

"Mwangalie yule aliyebeba mtoto mgongoni. Akishaingia, nitapiga."

"Na akichelewa?"

"Nani amewahi kuharakishwa chooni akatoka na furaha, mwanangu?"

Kinasa alicheka, akaandika. Siku ya mwisho alikuja na saa ya kupimia, ile ya wakimbiaji. Bahati mbaya siku hiyo bomba lilikuwa limepasuka tangu asubuhi. Choo cha wanawake kilifungwa kwa ubao, watu wakawa wanaelekezwa jengo la pili, korido ikabaki tupu. Dada hakuwa na foleni ya kutazama, akapiga kengele alipochoka kukaa. Zilikuwa zimebaki dakika saba. Kinasa akaandika "saba", akapiga mstari chini yake. Nilimwona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nasukuma maji kwa ufagio karibu na viatu vyake. Aliinua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili. Hakuuliza maji yale yametoka wapi.

Akaondoka. Alisema ataleta nakala ya kitabu. Hakuleta. Tukasikia amepata shahada yake, tena kwa sifa, na chuo kimempa kazi ya kufundisha.

Dada naye hakukaa bure. Shahada ya kwanza aliipata kwa masomo ya jioni, miaka sita, na daftari lake alikuwa analisomea chumba cha tiketi asubuhi kabla hakujawa na watu. Halafu akaomba ile ya uzamili, hiyohiyo ya biashara na uendeshaji wa sanaa. Nilimuuliza kwa nini anajitesa na umri ule. Akaniambia wakubwa wa ukumbi wanapokaa kupanga msimu, nani acheze lini, mlango ufunguliwe saa ngapi, yeye huitwa kupeleka chai. Anaiweka chai mezani, anasikia wanavyokosea, anatoka. Alitaka siku moja akae, chai ipelekwe na mtu mwingine.

Akakubaliwa. Alifurahi kama mtoto. Alinisimulia masomo yote: namna ya kutafuta wafadhili bila kujidhalilisha, namna ya kumjua mtazamaji wako, namna ya kuandika mkataba na msanii. Somo la hakimiliki ndilo lililomkaa zaidi moyoni, lile linalosema jasho la msanii ni mali ya msanii. Na mwalimu wa somo hilo alikuwa nani? Kinasa. Siku ya kwanza alimtambua dada vizuri sana, kisha akaigiza kutomtambua. Alisema tu, "Karibu, mama, keti nyuma kuna nafasi."

Muhula wa pili, Kinasa akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KANUNI YA DAKIKA SABA. Akaeleza kuwa yeye, baada ya utafiti wa kina, alibaini kwamba kengele ya pili ikipigwa dakika saba kamili kabla ya onyesho, watazamaji huketi kwa utulivu. Wanafunzi wote wakaandika. Dada akaangua kicheko. Hakukusudia, kilimponyoka.

"Kuna nini, mama?"

"Samahani, Mwalimu. Hiyo saba ilikuwa siku ya bomba."

"Bomba gani?"

"Lililopasuka. Choo kilikuwa kimefungwa. Siku nyingine zote ulizokaa pale haikuwa saba hata mara moja."

Darasa likacheka. Kinasa hakucheka. Alisema, "Mama, hapa tunazungumzia utafiti, hatuzungumzii mazoea," akafuta ubao, akaendelea.

Alibaini! Neno hilo ndilo linalonipanda kichwani hadi leo. Mtu kaambiwa, kakaa kwenye kiti cha watu, kanywa chai ya watu, kesho anaandika kuwa alibaini. Tena kitabu chake nimekiona. Dada alikiazima maktaba, akaniletea. Nilikifungua chote nikitafuta jina lake, hata lile la kutaniwa, hata kwa herufi ndogo. Halimo. Kuna shukrani kwa mke, kwa wazazi, kwa fundi aliyemtengenezea kompyuta. Mwisho kabisa kuna orodha, na kwenye orodha kuna mstari: "Mhojiwa wa 4, mwanamke, mfanyakazi wa ukumbi." Basi. Miaka yote ya mtu imekaa ndani ya namba nne.

Dada hakugombana. Aliamua tasnifu yake aiandike juu ya kengele ya pili, aieleze inavyofanya kazi kweli, na hesabu zake za mlango aziweke humo. Aliandika mwaka mzima. Ndiyo hiyo iliyoletewa barua, na aliyelalamika ni Kinasa.

Jioni ya siku hiyo shemeji yangu, mume wa dada, aliisoma barua akiwa amesimama. Shemeji ni fundi wa makochi, ndiye anayeshona viti vya ukumbi, na ni mtu asiyependa makuu.

"Mke wangu, weka jina lake humo, mambo yaishe," alisema. "Jina ni wino tu."

"Nikiweka jina lake kwenye kengele yangu, nitakuwa nimesema kweli?"

"Utakuwa umepata shahada."

Mimi nikaingilia, maana shemeji ni wa kutaniwa. "Shemeji, hivi wewe ukishona kochi, halafu mteja aende atangaze kwamba kalishona yeye?"

"Namwachia msumari mmoja kwenye kalio."

"Ehee. Na dada anataka msumari wake."

Shemeji akacheka, lakini dada hakucheka. Aliikunja barua, akaiweka ndani ya tasnifu, akanitazama. "Alhamisi utanisindikiza? Wanaruhusu mtu mmoja."

Nikasema nitakwenda, na mtoto mgongoni.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na viti visivyolingana. Katikati aliketi mwenyekiti, mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Kulia kwake mzee mmoja mwembamba ameshika kitabu cha kanuni za chuo, kidole kimo ndani tayari. Pembeni, Kinasa.

"Barua ilisema mtu mmoja," yule mzee alisema akimtazama mwanangu. "Naona wawili."

"Huyo mdogo bado anakula kwa huyu mkubwa," dada akajibu. "Wahesabu kama mmoja."

Mwenyekiti alikaribia kutabasamu. Akavaa miwani, akasoma kurasa kwa sauti, ya Kinasa kisha ya dada, ya Kinasa kisha ya dada. Kweli zilifanana. Kengele ni moja, korido ni moja, zitaachaje kufanana?

"Kwa nini hukutaja chanzo?" akauliza.

"Chanzo kimekaa mbele yenu, Mwenyekiti."

"Uzoefu wa mtu hauwezi kuwa chanzo mpaka uwe umechapishwa," alisema mzee wa kanuni.

"Umechapishwa, mzee wangu. Kwa jina la huyu."

Kinasa akakohoa. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile inayoudhi kuliko matusi. "Kwa heshima zote, mhojiwa anatoa taarifa. Maarifa anayatengeneza mtafiti. Taarifa ni udongo tu. Chungu ni cha mfinyanzi."

"Nilikukabidhi chungu kina maji ndani," dada akasema. "Ulichofanya ni kukiandika jina lako. Tena wakati unaandika ukakitoboa."

"Nimekitoboa wapi?"

"Kwenye saba. Siku uliyopima, choo kilikuwa wazi?"

"Choo?"

"Choo cha wanawake."

Kinasa alimtazama mwenyekiti kana kwamba anaomba aokolewe na neno hilo. "Sikumbuki habari za choo. Utafiti wangu haukuhusu choo."

"Mwenyekiti," dada akasema, "utafiti wote ulikuwa ni choo."

Mzee wa kanuni alificha mdomo kwa kitabu. Lakini walikuwa na karatasi yao tayari, nayo haikuwa na mzaha. Mwenyekiti akaisukuma mezani. Ilisema dada anakiri kutumia kazi ya mtu bila kumtaja, anaomba radhi, na ataingiza jina la Kinasa katika kurasa zote kumi na moja. Akitia saini, itahesabiwa kama marekebisho madogo, na atahitimu mwaka huuhuu pamoja na wenzake.

Hapa nitasema ukweli wangu. Nilitaka asaini. Nilikumbuka asubuhi zote za chumba cha tiketi, nikasema moyoni, saini dada yangu, saini twende nyumbani. Kalamu ilikuwa karibu na mkono wake. Aliisogeza pembeni kama mtu anavyosogeza sahani ya chakula asichokipenda, kwa adabu.

"Kuomba radhi naweza," alisema. "Nilimcheka mwalimu mbele ya wanafunzi wake, hilo si jambo zuri, na kwa hilo naomba radhi sasa hivi. Lakini hili sikulifanya."

"Unajua usiposaini kinachofuata?"

"Najua."

Mwanangu akaanza kulia, nikambembeleza kwa kumtikisa. Mwenyekiti akageuka kwa Kinasa. "Huyu mhojiwa wa nne kwenye kazi yako ni nani?"

"Hiyo ni siri, Mwenyekiti. Tunawalinda wahojiwa."

"Kunilinda na nani?" Dada hakupaza sauti, ila kiti chake kililia. "Aliyekuja kuchukua ni wewe. Ulikuwa unanilinda na wewe mwenyewe?"

"Ikiwa mhojiwa mwenyewe anasema siri iondolewe?" mwenyekiti aliuliza. Mzee akafunua kanuni zake, mbele, nyuma, akalamba kidole, akafunua tena. Hakuona kitu.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Mhojiwa wa nne ni nani?"

Kinasa aliangalia viatu vyake. "Ni yeye," alisema, kwa sauti ambayo kingekuwepo kile kinasa kisingeinasa.

Mngedhani hapo wangesimama wamwombe msamaha. Thubutu. Walisema watatoa uamuzi kwa maandishi. Wiki mbili dada alipiga kengele zake huku hajui kama ni mwanafunzi au si mwanafunzi, na maandishi yalipokuja yalikuwa mistari miwili. Ya kumshutumu ilijaza kurasa mbili. Ya kumsafisha, mistari miwili: kamati haikupata ushahidi wa kutosha, hivyo mwanafunzi anaruhusiwa kuendelea.

Shemeji alirusha kofia juu. "Umeshinda, mama!"

"Nimeshinda nini? Soma vizuri. 'Ushahidi wa kutosha.' Hapa wanasema niliiba vizuri, sikuonekana."

"Lakini utahitimu!"

"Na faili langu? Nikifa litabaki pale kabatini. Mtu atalifungua atakuta kurasa mbili za wizi na mistari miwili ya bahati."

Nilikuwa nimefurahi kama shemeji, nikaona aibu. Yeye aliona kitu ambacho sisi wawili tulikiruka kwa sababu tulikuwa na haraka ya kupumua.

Jumatatu ukumbi hufungwa. Jumatatu iliyofuata dada alivaa vizuri, akaenda idarani, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa idara, yule aliyeweka saini kwenye barua ya kwanza. Karani akamuuliza anataka nini. Akasema anataka barua inayosema hakuiba. Karani akamwambia mkuu ana kazi nyingi. Dada akasema hana haraka. Alikaa mpaka saa kumi. Jumatatu ya pili, vilevile. Ya tatu mwenyekiti mwenye miwani ya kamba alipita, akasimama, akaonekana anataka kusema neno, akampa mkono tu, akaenda zake. Jumatatu hizo hizo Kinasa alikuwa darasani mlango wa tatu kutoka pale, na saba yake ubaoni, wala hakuna aliyemwambia afute. Wanafunzi wakaanza kuuliza yule mama wa benchi ni nani. Wengine wakaja kuketi naye, wakimuuliza habari za ukumbi, naye akiwajibu.

Jumatatu ya tano nilimpelekea chai, nikamkuta karani kasimama mbele yake na karatasi mpya.

"Haya mama, hii hapa. Leo ukapumzike."

Dada akaisoma polepole, nami nikaisoma begani kwake. Ilisema kwamba mwanafunzi hakuchukua kazi ya mtu yeyote, kwamba utaratibu wa kengele ya pili ulioelezwa katika tasnifu zote mbili ni wake, na kwamba idara inasikitika. Jina lake lilikuwemo, lote, halikukosewa. Nilisikia macho yananiwasha.

Dada alifika chini ya karatasi, akasimamisha kidole.

"Hapa pameandikwa 'kwa niaba ya mkuu wa idara'. Hii saini ni ya nani?"

"Yangu," karani akasema. "Mkuu yuko kwenye kikao."

"Ile ya kuniita mwizi alisaini mwenyewe."

"Mama, kikao ni kirefu."

"Kikao na nani? Niko hapa tangu saa mbili. Kwenye huo mlango hajaingia mtu wala hajatoka mtu."

Karani aliutazama mlango, akamtazama dada, akanitazama mimi kama anayetafuta msaada. Nikajifanya namfunga mtoto kamba za viatu, na mtoto hakuwa na viatu. Dada akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaketi tena kwenye benchi, akanipokea kikombe.

"Mwambie asijali," alisema. "Amalize kikao chake."

Karani akasimama kidogo. Kisha akageuka, akagonga mlango, akaingia na ile karatasi, na mlango ukafungwa nyuma yake. Tukasikia kiti kinasogezwa ndani.